Mkalimani wa Ras Mkumbuu

Watu wakisikia kwamba nimestaafu kazi ya kutembeza wageni Pemba, huuliza swali moja: "Wageni gani hao, na ukiwaonyesha nini? Mikarafuu?" Nawasamehe. Hata mke wangu, siku nilipomwambia nimepata kazi ya kuonyesha majumba yaliyobomoka, aliniuliza kama yaliyosimama yamekwisha. Nyinyi vijana mlioshika nafasi yangu mna gari na makaratasi yenye picha. Siye tulioanza mwisho wa miaka ya hamsini tulikuwa na panga, ufagio na midomo yetu. Haya nawaandikia nyinyi. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara, bora alale.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Mzee Shaame, mwenyeji wa Pujini, muongozaji hasa. Alijua kila jiwe na hadithi yake, na jiwe lililokosa hadithi alilitungia. Wa pili ni Mzee Hamad, mtu wa Wesha, nahodha wa mashua iliyokodiwa na ofisi kila wageni walipotaka kufika Ras Mkumbuu. Wa tatu ni mimi, Bakari, mkalimani. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto, nimesoma mpaka darasa la nane, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea barua, si cha kusemea na watu.

Siku yangu ya kwanza wageni waliteremshwa na gari kutoka Mkoani, Mzee Shaame akawasimamisha mbele ya ngome ya Chake Chake. Zama zile upande mmoja wa ngome ulikuwa hospitali. "Waambie," akanambia, "ngome hii waliijenga watu wa vita, na leo wanalala humu watu wa homa." Nikatafsiri neno kwa neno kama nilivyofunzwa skuli. Bibi mmoja akaziba pua kwa leso na kurudi kwenye gari. Mzee Shaame akanivuta kando.

"Weye umewambia nini?"

"Ulivyosema, Mzee."

"Ala! Mie nimesema kwa kucheka, weye umewambia kwa kununa. Ukichukua neno langu, chukua na cheko lake."

Nilikasirika. Niliona kama mtu asiyejua hata kusema "good morning" anataka kunifunza lugha. Lakini yule bibi hakushuka tena garini siku ile, na ngome hakuiona.

Pujini tulikwenda mara nyingi zaidi, kwa kuwa hakukuhitaji mashua. Huko, wenyewe husema, ndiko kulikuwa na makao ya mtawala wa kale, mji mkuu wa siku ambazo Chake Chake bado ilikuwa msitu na kima. Kuna handaki, kuna kuta, kuna kisima cha kushuka kwa ngazi. Mzee Shaame alieleza kwamba mtawala yule aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa matako, mwenye kuinuka akakiona cha mtema kuni. Wageni wa ng'ambo hucheka wakifika hapo. Mgeni wa Kipemba hacheki, hujipapasa nyuma. Kisha huja habari ya kisima, kwamba mtawala alikuwa na wake wawili na akajenga ukuta katikati ili wasionane wakiteka maji. Kila mgeni mwanamke aliuliza kama wake wale hawakupata hata kuitana kwa juu ya ukuta. Mzee Shaame alijibu siku zote kwamba angekuwa mmoja wao, naye angenyamaza.

Ras Mkumbuu ndiko kulikokuwa na uzito wa kazi. Mji wa kale, mkubwa, na leo hakuna kitu ila msikiti usio na paa, makaburi yenye minara, kisima, na mikoko iliyozingira rasi. Mzee Shaame alikuwa na sharti moja asilolegeza kwa mtu: kwenye mstari wa mlango wa msikiti viatu vyote huvuliwa, vya bwana mkubwa na vya mpishi wake. "Msikiti ukikosa paa haukosi heshima," alisema. Wageni walivua bila ya matata. Tabu ilikuwa miiba. Basi kazi yangu, kabla ya ukalimani, ilikuwa kufagia sakafu ile kwa ufagio wa njukuti za mnazi, halafu kutembea humo bila viatu nikiburura nyayo, pembe hadi pembe. Nikiruka, nafagia tena. Nawaambia vijana wangu, macho hayauoni mwiba mchanga wa mkwamba. Nyayo huuona, tena upesi.

Sasa jambo la maji. Mashua ilifungwa ndani ya kijito katikati ya mikoko, mahali ambapo maji yakikupwa hubaki tope mpaka magotini. Ukichelewa, umelala. Kwa hiyo ilikuwa desturi, na naomba mwendelee nayo: mkifika tu, muongozaji humuuliza nahodha, "Leo maji yanatupa muda gani?" Na nahodha naye, akiona maji yameanza kurudi, huita, "Shaame, maji!" Maneno mawili hayo. Miaka yote ya mwanzo hatukukwama hata siku moja, kwa sababu wazee wale walikuwa zaidi ya marafiki. Walikuwa wakwe. Zuwena, binti Shaame, aliolewa na Salim wa Hamad, kijana mchuuzi wa samaki kwa baiskeli, aliyekuwa akitoa samaki Tumbe na kuwauza Chake kabla hawajalegea. Walikuwa na mtoto wa kike aliyeanza kutambaa, na ukitaka kuona wazee wazima wakitambaa chini kama kaa, ungepita nyumbani kwa Salim siku ya Ijumaa.

Halafu ikaingia siasa.

Nyinyi mmezisoma zama zile vitabuni. Siye tulizila. Shaame akawa chama hiki, Hamad akawa chama kile, na vyama vyenyewe sivitaji, maana kaburi lililofukiwa halichezewi. Watu walihama maduka. Mtu aliacha msikiti wa mtaani kwake akaenda kuswali mbali, ati imamu si wa chama chake. Maiti walikosa wachukuzi. Mwanzo Shaame na Hamad walitaniana tu, kisha utani ukawa na meno, kisha siku moja kwenye harusi Wambaa wakatoleana maneno mbele ya watu, na toka siku ile hawakusemeshana tena.

Lakini kazi ilikuwa moja, na mashua ilikuwa moja. Basi mimi, niliyeajiriwa kutafsiri Kiingereza, nikageuka mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

"Bakari, mwambie nahodha asogeze mashua, wageni wanaroa."

Nahodha yuko hatua tatu, kasikia kila kitu. Anatazama tanga.

"Mzee Hamad, Mzee Shaame anasema usogeze mashua."

"Mwambie mashua husogea kwa maji, haisogei kwa maneno."

Nageuka. "Mzee Shaame, Mzee Hamad anasema..."

"Nimesikia, mie si kiziwi!"

Wageni walidhani ni utaratibu wa kazi. Mmoja aliniuliza kama wazee hawa wanasema lugha mbili tofauti. Nilimjibu kwamba ndiyo, na sikuona kama nimedanganya.

Hilo nililichukulia kwa kucheka. Lisilochekesha lilikuwa nyumbani. Watu wa chama cha Shaame walimwambia ni aibu binti yake kula kwa wale. Watu wa chama cha Hamad walimwambia mke wa mwanawe anachukua maneno ya ndani na kumpelekea baba yake. Kila mzee akawa anashikiliwa na watu wake asirudi nyuma. Mwisho walikubaliana, kwa kutumiana wajumbe bila shaka, kwamba Salim amwache Zuwena. Siku ikawekwa. Baada ya alasiri wote wakutane barazani kwa shehe mmoja pale Chake, wazee wawili waseme mbele ya watu kwamba wameridhia, kisha Salim atoe talaka. Salim hakutaka. Zuwena hakuulizwa. Nilimkuta siku hizo kwa mke wangu, kamshika mtoto, analia mpaka kwikwi zinamkata maneno, anasema: "Shemeji, mume wangu hajanikosea kitu. Nitamwambia nini mwanangu akikua, kwamba tuliachana kwa kura?" Mke wangu alinitazama kama kwamba vyama vyote viwili nimeviunda mimi.

Siku ile ile ya baraza wakaja wageni. Bwana mmoja mzee kutoka ng'ambo, mpole, na mkewe aliyekuwa akichora picha. Waliitaka Ras Mkumbuu. Wazee wangu wakaona hakuna tabu, tutakwenda asubuhi, adhuhuri tuko Chake, alasiri barazani. Tukatweka tanga mapema. Njiani hakuna aliyenituma neno hata moja, na hapo ndipo ilinipasa nijue kuwa mambo ni mabaya, maana hata kule kutukanana kupitia kwangu kulikuwa bado ni mazungumzo.

Tulipofika, muongozaji hakuuliza, nahodha hakumwambia. Mzee Shaame aliwatembeza wageni msikitini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kisha akanambia niwapeleke makaburini na kisimani, yeye ataketi kidogo. Akaketi kwenye kizingiti cha msikiti, anaona bahari. Chini, kwenye mikoko, Mzee Hamad kaketi mbele ya mashua, kwenye omo, anamwona Shaame. Mimi niko na wageni nyuma ya rasi, mama yule anachora mnara wa kaburi na hataki kusumbuliwa, bahari siioni.

Maji yakaanza kurudi. Hamad aliyaona, ni nahodha. Shaame aliyaona, mtu wa Pemba atakosaje kuyaona maji yakikupwa? Baadaye kila mmoja alinieleza yaliyompitia, na maneno yao yalifanana kama pacha. Hamad alisema moyoni: siku zote mie ndiye niitaye, leo na aulize yeye, mdomo anao. Shaame alisema moyoni: kazi ya kuita ni ya nahodha, analipwa kwa hiyo, na aite. Wakatazamana. Maji yakapita mbele ya macho yao, yakapita kwenye mizizi ya mikoko, mashua ikalala ubavu mmoja, na hakuna aliyefungua kinywa. Pwagu kampata pwaguzi.

Niliporudi na wageni nikakuta mashua imekaa juu ya tope na kaa wanaizunguka.

"Ee Mola!" nikasema. "Kulikoni?"

"Muulize nahodha," akasema Shaame.

"Muulize muongozaji," akasema Hamad.

Nikawatazama wazee wale wenye mvi, nikawaona watoto wawili waliogombania muwa. Niliwakasirikia hasa, na hata leo nikikumbuka hasira hunipanda. Lakini mdogo hamkemei mkubwa. Nikawageukia wageni, nikawaambia kwa Kiingereza changu bora kwamba bahari imekwenda na itarudi. Walifurahi. Mgeni hajui kukwama. Kwake yeye yote ni mandhari. Tukawapa madafu na muhogo wa kuchoma, mama akafungua karatasi mpya.

Adhuhuri ikaingia. Tukatawadha kwa maji ya kisimani, tukaingia msikitini. Mzee Shaame akasimama kulia, Mzee Hamad akasimama kushoto kabisa karibu na ukuta, kila mmoja akapiga takbira yake. Mimi nikabaki katikati, sijui nimfuate nani. Nikimfuata mmoja nimeingia chama. Nikaswali peke yangu. Watu watatu, msikiti mmoja, kibla kimoja, sala tatu. Mama yule alituchora kwa mbali, na akaniuliza kama ndivyo tunavyoswali siku zote. Swali lile liliniuma. Alasiri ikaingia, tukafanya vile vile. Saa ya baraza ilikuwa inapita Chake, na wazee wote wawili walijua. Hamad alikuwa akikwangua ukoko wa chaza kwenye ubavu wa mashua, mahali pamoja, bila kukoma. Shaame alikuwa akivuta uradi, lakini tasbihi ilisimama chembe ile ile.

Jua lilikuwa limelegea na maji yameanza kuingia kijitoni tuliposikia kengele ya baiskeli. Kengele ya baiskeli, Ras Mkumbuu! Kwenye kijia cha kutoka kijiji cha Ndagoni akatokea Salim, jasho linamtiririka, anaisukuma baiskeli mchangani, na nyuma, mahali pa tenga la samaki, kakaa Zuwena na mtoto mgongoni, buibui limejaa vumbi. Walisubiri barazani mpaka shehe akaondoka. Mtu mmoja aliyetoka bandarini Wesha akawaambia mashua haijarudi. Basi wakadhani imezama, wakapanda baiskeli wote watatu na kuja kwa njia ya nchi kavu.

Zuwena alishuka kabla baiskeli haijasimama. Akamwona baba yake mzima, akamwona mkwe wake mzima, akaiona mashua nzima. Akasimama baina yao akipumua.

"Tumekuja kutafuta maiti," akasema. "Njia nzima nimekuja nikiwasomea. Mmepatwa na nini?"

Mzee Shaame akatazama chini. Akanambia, kwa mazoea tu, "Bakari, mwambie..." Hakumaliza. Zuwena aliniinulia mkono ninyamaze, na kumbe hata sikutaka kusema.

"Maji yalikupwa mkiyaona?"

Mzee Hamad akaacha kukwangua.

"Mmeketi hapa nyote wawili, baba yangu na baba yake, mmeyatazama yanakwenda, na mmoja wenu hakuweza kumwambia mwenzake neno moja, maji?" Akawageukia mmoja mmoja. "Samahani wazee wangu, mie ni mtoto kwenu, radhi zenu nazitaka. Lakini watu walioshindwa kuambiana maji yanakupwa, ndio wataozungumza juu yangu na mume wangu?"

Salim alikuwa bado ameishika baiskeli. "Baba," akamwambia Hamad taratibu, "talaka sitoi. Ukitaka nihame, nitahama na mke wangu."

Mtoto ndiye aliyelia, kachoka kufungwa mgongoni. Zuwena akamfungua, akampa aliyekuwa karibu, naye ni Mzee Hamad. Mzee Hamad akampokea na mikono yake ya tope na ukoko wa chaza. Yule mtoto akamshika ndevu, na mzee akageuza uso kuelekea mikoko. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nami nililia, sioni haya kusema. Talaka ile haikutolewa, siku ile wala baadaye. Salim na Zuwena walimchukua mtoto, wakaondoka kwa baiskeli yao wawahi Ndagoni kabla ya giza.

Tukabaki siye, wageni, na mashua iliyoanza kutikisika. Ilihitaji kusukumwa kidogo ipate kuelea. Mzee Hamad aliingia majini, akatia bega. Akasukuma mara moja, mara mbili. Nikakunja suruali nikamsaidie. Hapo akainua kichwa, akanipita mimi kwa macho.

"Shaame!" akaita. "Njoo ushike huku, mie mgongo hauna kitu."

Mzee Shaame akavua kanzu, akaikunja, akaiweka kwenye jiwe kavu, akaingia majini. Akatia bega ubavu wa pili.

"Ungeita asubuhi," akasema.

"Ungeuliza asubuhi!"

"Mie niulize? Nahodha nani?"

"Na muongozaji nani? Umekaa kwenye kizingiti kama bwana harusi!"

"Na weye ulivyokodoa! Ukinitazama mie au ukitazama maji?"

"Nilikuwa nakutazama weye, ewe mzee mpumbavu! Mwaka mzima sina wa kumtazama!"

Mashua ikaelea. Wakapanda, mmoja huku mmoja kule, na waligombana mpaka Chake Chake: harusi ya Wambaa, maduka, wajumbe, nani alianza, mjukuu kafanana na nani. Walisemeshana wao kwa wao, kwa makelele, hata pepo za bahari zilinyamaza kuwasikiliza. Hakuna aliyeniambia nipeleke neno. Yule mama wa kuchora alisogea karibu yangu, kaingiwa na wasiwasi, akaniuliza wazee wale wanaambiana nini.

Nikamwambia, wanasalimiana.